Kwenda Daytona kutazama mbio za magari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naishi Orlando, mwendo wa saa moja hivi kwa gari hadi Daytona Beach, na kila mwaka mpya ukiingia simu yangu haipoi. Binamu wa Nairobi anauliza tiketi, rafiki wa Minneapolis anauliza mvua, shemeji wa Muscat anauliza atakula nini. Nimechoka kurudia majibu yaleyale kwa ujumbe wa sauti, kwa hiyo nimeyaandika hapa. Usitafute mpangilio, nimeyaweka jinsi yanavyonijia.

Daytona ni uwanja gani hasa?

Ni uwanja wa mbio za magari ulioko Daytona Beach, jimbo la Florida, Marekani. Jina lake kamili ni Daytona International Speedway. Ulifunguliwa mwaka 1959, na kila Februari ndipo zinapofanyika Daytona 500, mbio zinazothaminiwa kuliko zote katika NASCAR, shirika linaloendesha mbio za aina hii Marekani.

Magari yake huitwa ya stoki, maana zamani yalikuwa magari yaleyale ya dukani, yakatolewa viti na kupakwa namba mlangoni. Siku hizi kilichobaki ni sura. Kwa mbali utasema hii Ford Mustang, ile Chevrolet Camaro, ile Toyota Camry. Ukisogea unakuta taa za mbele ni stika, milango haifunguki, na dereva anaingilia dirishani kama mwizi.

Mzunguko mmoja ni maili 2.5, yaani kilomita 4 na kitu. Daytona 500 ni mizunguko 200, kilomita 800 na ushee, na kwa kawaida huchukua saa tatu na nusu hivi.

Yanazunguka tu upande wa kushoto. Utamu wake uko wapi?

Hili naulizwa na kila aliyekulia kwenye Safari Rally. Nalielewa, maana na mimi nilikuja na dharau hiyohiyo. Sisi tumezoea gari moja moja linalochomoka vumbini, tope, pundamilia kando ya njia, dereva na msoma ramani wake. Kumwonyesha mtu wa Naivasha magari 40 yanayozunguka lami safi ni kama kumwekea wali bila mchuzi.

Dharau iliniisha siku niliyosimama chini ya kona, na gari hata moja halikuwepo. Kona za Daytona zimeinuliwa nyuzi 31. Kwenye televisheni kamera huzilaza, unaona barabara iliyoinama kidogo. Ukiwa chini yake unaona ukuta wa lami. Jaribu kuupanda kwa miguu, utajikuta unashika chini kwa mikono. Ukingo wake wa juu uko mita kama 10 kutoka chini, sawa na nyumba ya ghorofa tatu. Gari linapita pale juu kwa zaidi ya kilomita 290 kwa saa, dereva hakanyagi breki.

Hapo ndipo mchezo wenyewe ulipo. Kwa kuwa hakuna anayehitaji kupunguza mwendo, hakuna anayeweza kumkimbia mwenzake. Gari la mbele linapasua upepo. La nyuma linaingia kwenye uwazi ule na kuvutwa. Magari mawili yaliyofuatana mkia kwa pua yanakwenda kasi kuliko moja lililo peke yake, na kumi yanakwenda kasi kuliko mawili. Kwa hiyo yanatembea kwa kundi, mistari miwili au mitatu, sentimita chache kati ya bampa na bampa. Dereva akitoka mstarini kutaka kupita na asipate mwenzake wa kumsukuma kwa nyuma, anarudishwa nafasi 15 kabla ya kona ya pili. Ni mchezo wa kuchagua rafiki na kumsaliti kwa wakati wake. Watu wa bao watauelewa haraka.

Na ndiyo maana mshindi hajulikani hadi mwisho. Mwaka 2021 Michael McDowell, aliyekuwa akikimbia daraja la juu la NASCAR tangu 2008 bila kushinda hata mara moja, alikuwa wa tatu katika mzunguko wa mwisho. Wawili waliokuwa mbele yake wakagongana, akapita katikati ya moto na moshi, akashinda Daytona 500. Miaka kumi kabla yake, Trevor Bayne alishinda akiwa na miaka 20 na siku moja.

Nije siku gani?

Mkiniuliza mimi, siku mbili: moja ya kawaida isiyo na mbio, nyingine ya mbio. Siku ya kawaida iwe ya kwanza. Najua wengi mnataka kushuka kwenye ndege na kukimbilia jukwaani, ila asiyepaona mahali penyewe pakiwa pamenyamaza hajui anatazama nini siku ya fujo.

Kalenda yenyewe ni hii. Mwishoni mwa Januari kuna Rolex 24, mbio za saa 24 za magari ya aina nyingine kabisa, yanayopita pia kwenye njia ya ndani yenye kona za kulia na kushoto. Ni siku nzuri sana kwa mgeni: watu wachache zaidi, unatembea karibu na karakana, na saa nane za usiku unaona breki zimekuwa nyekundu kama kaa la mkaa. Februari ndiyo wiki ya Daytona 500: Alhamisi kuna mbio mbili za kupanga nafasi za kuanzia, Jumapili mbio kuu. Machi ni zamu ya pikipiki. Mwishoni mwa Agosti magari ya NASCAR yanarudi kwa mbio za usiku za maili 400, chini ya taa zilizofungwa uwanjani mwaka 1998. Agosti ya Florida lakini! Joto la Dar mwezi wa Februari, ongeza radi.

Ziara ya siku ya kawaida ikoje?

Unakata tiketi ya ziara pale pale au mtandaoni, unapandishwa kwenye gari la wageni lenye mabehewa ya wazi, na mtembezaji anawazungusha huku anasimulia. Mtapita handaki la kuingia uwanja wa ndani, mtaona mahali mshindi anapopigia picha, mtafika mstari wa kumalizia. Ziara ndefu inaonyesha vyumba ambavyo siku ya mbio hutavisogelea.

Ukifika ndani, usishangae kuona ziwa. Linaitwa Lake Lloyd, ekari 29, na halikuwepo. Udongo wa kuinulia zile kona ulitoka pale. Waliposhiba udongo, shimo likajaa maji. Kulikuwa na taabu nyingine: mashine ya kutandaza lami haisimami kwenye nyuzi 31, inateleza yenyewe. Mhandisi Charles Moneypenny akaweka matingatinga juu kabisa ya ukingo na kuzifunga mashine kwao, zikawa zinatandaza lami huku zimening'inizwa kama mbuzi aliyefungwa kamba mlimani. Mimi napenda kuwaonyesha wageni mahali hapo kuliko kikombe.

Tiketi ya ziara inakupa pia kuingia makumbusho yaliyo hapo hapo. Humo mna gari lililoshinda Daytona 500 ya karibuni. Sheria ya uwanja ni kwamba gari la mshindi halirudi kwenye timu. Linabaki kwenye maonyesho mwaka mzima, na halisafishwi. Linawekwa kama lilivyomaliza: mdudu kwenye kioo, michirizi ya rangi ya magari mengine ubavuni, karatasi za rangi za sherehe zimenata kwenye boneti pamoja na kinywaji kilichomwagwa. Inama uangalie tairi la nyuma la kulia. Utaona raba imeviringika vipande vidogo kama ugali uliokaukia sufuriani.

Ziara hazifanyiki siku za mbio, na ratiba hubadilika uwanja ukiwa na shughuli nyingine. Angalia tovuti yao kabla ya kuondoka nyumbani.

Nikae jukwaa gani?

Juu. Kila mtu anataka mbele karibu na ukuta, akidhani atakuwa karibu na magari. Mara yangu ya kwanza nilinunua safu ya nane kwa sababu ilikuwa rahisi, nikajisifu njia nzima. Nilichokiona ni wavu, halafu mstari wa rangi, halafu wavu. Kundi lilipita kama shuka linalochanwa, kisha sekunde 40 za kusubiri nisijue nani yuko mbele. Shingo iliniuma siku mbili.

Ukiwa safu za juu unaona mviringo wote, hadi upande wa pili ng'ambo ya ziwa, na ndipo unaelewa mstari upi unasonga na nani ameachwa. Majukwaa yote sasa yako upande mmoja, ule wa mstari wa kumalizia. Yalijengwa upya kati ya 2013 na 2016 kwa dola milioni 400, viti 101,500. Mimi hupendelea viti vinavyoelekea kona ya nne, magari yanakotokea kuja kumalizia.

Kama una pesa ya ziada, usiitumie kwenye kiti cha gharama. Nunua ruhusa ya kushuka uwanjani kabla ya mbio. Inakufikisha kwenye lami yenyewe. Kuna desturi nzuri pale: watu wanainama kwenye mstari wa kumalizia na kuandika majina yao kwa kalamu ya wino mzito. Ikifika saa ya mbio mstari wote umejaa majina, na magari yanapita juu yake mara 200. Jina la bibi yangu mzaa mama limekimbiwa Daytona. Hakuwahi kutoka Tanga.

Tiketi ya mbio itanisaidia kupata viza?

Hapana. Utaomba viza ya mgeni kama msafiri mwingine yeyote. Pata viza kwanza, tiketi baadaye, na usimlipe mtu anayekuahidi kifurushi cha vyote viwili.

Nafikaje?

Uwanja mdogo wa ndege wa Daytona Beach umepakana na uwanja wa mbio, utauona dirishani ukitua. Ila kwa wanaotoka mbali Orlando ndiko kwenye ndege nyingi na bei nafuu, kisha unakodi gari na kushika barabara kuu ya I-4. Wanaotoka Nairobi wengi hupitia New York kwa Kenya Airways, halafu wanabadilisha ndege kuja kusini.

Hoteli za Daytona Beach wiki ya Februari bei zake ni za kukomoana. Lala Orlando, au DeLand, au Palm Coast, na uamke mapema. Siku ya Daytona 500 mimi huondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa mbio za mchana, na sijawahi kujuta.

Wapo wanaolala humohumo ndani ya uwanja, kwenye magari makubwa ya kulala na mahema, wiki nzima. Ni kijiji kamili: nyama inachomwa, watoto wanaendesha baiskeli, bendera juu ya kila paa. Kama una mwenyeji mwenye nafasi kule, nenda. Usingizi sahau.

Kelele ni kubwa kiasi gani? Watoto waje?

Watoto waje, lakini wafunike masikio. Si mapambo, ni lazima. Magari 40 yakifunguliwa kwa pamoja, sauti haiingii masikioni tu; inapita kifuani. Weka chupa ya maji kwenye sakafu ya jukwaa uone maji yanavyotetemeka kabla kundi halijatokea. Vizibo vya sponji vinatosha mtu mzima; mtoto mdogo mvalishe vikinga masikio vile vikubwa vya kubana kichwani, vya saizi yake, umzoeshe nyumbani siku mbili tatu kabla. Binti wa dada yangu alivikataa getini na tukapoteza mizunguko 20 tukibembelezana chini ya ngazi.

Ukodishe pia redio ya kusikilizia timu. Bila redio unatazama magari. Ukiwa nayo unasikiliza ugomvi. Kila dereva ana mtu wake juu ya paa la uwanja anayemwambia nani yuko ubavuni, kwa sababu dereva mwenyewe haoni pembeni. "Bado yupo, bado yupo, umempita." Kiingereza chao cha Kusini kina lafudhi nzito, mzunguko wa kwanza hutaambulia kitu, wa kumi utakuwa umeshamchagua wa kumshangilia.

Naruhusiwa kuingia na chakula? Nauliza kwa sababu ya halali.

Ndiyo, na hili ndilo jambo la kistaarabu kuliko yote katika mchezo huu. Viwanja vingi vya Marekani vinakunyang'anya hata karanga. Hapa unaingia na begi lako laini la kutunza ubaridi, chakula na vinywaji ndani. Chupa za kioo marufuku, na begi lina vipimo vyake, vimeandikwa kwenye tovuti. Visomeni, wale walinzi wa getini wana futi.

Sisi hubeba sambusa, mayai ya kuchemsha, mkate wa kumimina, maji mengi na chai ya tangawizi kwenye thamosi ya chuma. Mlinzi mmoja alifungua boksi la sambusa, akalinusa, akaniuliza ni nini. Nikampa moja. Tangu hapo najua bei ya kupita haraka.

Cha kununua ndani ni baga, hotidogi, viazi vya kukaanga, nyama ya nguruwe ya kuchomwa. Usitegemee kupata zaidi ya hapo kama hali yako ya chakula ina masharti. Tembea na kadi ya benki.

Mvua ikinyesha?

Hawakimbii. Tairi za magari haya kwenye njia kama hii ni laini kabisa, hazina meno, na kona za nyuzi 31 zikilowa hakuna dereva atakayezithubutu. Watasimamisha, watasubiri, watakausha njia kwa mashine zenye injini za ndege zinazopuliza hewa ya moto. (Mwaka 2012 Juan Pablo Montoya aligonga mojawapo ya mashine hizo wakati wa bendera ya njano, yaani magari yakienda polepole kwa tahadhari, mafuta ya ndege yakawaka njiani, mbio zikasimama karibu saa mbili. Hakuna aliyekufa.)

Hivyo usikate ndege ya kurudi Jumapili usiku, hata iwe rahisi vipi. Daytona 500 ya 2012 ilisogezwa Jumatatu. Ya 2020 ilianza Jumapili ikaishia Jumatatu. Ya 2024 yote ilikimbizwa Jumatatu, William Byron akashinda. Mwaka 2014 watu walisubiri zaidi ya saa sita kwenye viti na mbio zikaisha usiku. Beba koti la mvua. Mwavuli unamziba wa nyuma yako na utaambiwa, tena bila adabu. Beba na mafuta ya kujikinga na jua, kwani sehemu kubwa ya viti haina kivuli. Ndiyo, ngozi nyeusi pia inaungua. Niliwahi kubishana na jua la Februari la Florida, nikachubuka pua kama nyoka.

Sema kweli: mtu mweusi atapokelewaje?

Hili watu huniuliza faragha, kwa sauti ya chini. Nitajibu hadharani.

Mchezo huu ulizaliwa Kusini mwa Marekani, na kwa miaka mingi bendera ya Kusini ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambayo kwa Wamarekani weusi ni bendera ya utumwa, ilipeperushwa majukwaani kama kanga kwenye kamba. NASCAR iliipiga marufuku mwezi Juni 2020, baada ya Bubba Wallace, dereva pekee mweusi wa daraja la juu wakati huo, kusema wazi kwamba iondoke. Wallace ametokea Mobile, Alabama. Ameshika nafasi ya pili Daytona 500 mara mbili, 2018 na 2022, na Oktoba 2021 alishinda mbio za uwanja wa Talladega. Timu anayoiendeshea, 23XI, mmoja wa wamiliki wake ni Michael Jordan, yule yule wa mpira wa kikapu.

Kabla yake alikuwepo Wendell Scott, fundi wa Danville, Virginia, aliyetengeneza magari yake mwenyewe pamoja na wanawe. Tarehe 1 Desemba 1963, Jacksonville, mwendo wa saa moja na nusu kaskazini ya Daytona, alishinda mbio za daraja la juu, Mmarekani mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Bendera ya ushindi hawakumpungia. Walimtangaza mzungu, Buck Baker, akapewa kikombe na sherehe yake. Saa kadhaa baadaye, watu wameshaondoka, wakakiri kwamba "wamekosea hesabu", kwani Scott alikuwa amewaacha wote. Kikombe halisi hakukiona hadi kufa kwake mwaka 1990. Familia yake ilikabidhiwa kikombe Agosti 2021, miaka 58 karibu, na makabidhiano yalifanyika hapa Daytona kabla ya mbio za usiku. Ukienda, mtaje huyu mzee kwa watoto wako.

Kwangu mwenyewe: nimekwenda mara kadhaa, pamoja na familia. Nimekutana na mtu mmoja wa kunitazama muda mrefu kuliko inavyofaa, na watu wengi sana walionisogezea kiti, kunipa nyama na kunieleza mambo ya tairi ambayo sikuuliza. Utakuwa miongoni mwa weusi wachache katika safu yako, hilo lipo. Nenda na mwenzako mara ya kwanza, kama unavyofanya ugenini kokote.

Kwa nini watu wengi wanavaa namba 3?

Ilikuwa namba ya gari la Dale Earnhardt, dereva ambaye sanamu yake iko nje ya uwanja. Alikuwa bingwa wa NASCAR mara saba, lakini Daytona 500 ilimkatalia miaka 19 mfululizo. Mwaka 1998, mara ya 20, akashinda, akiwa amegundisha kwenye dashibodi sarafu ya senti moja aliyopewa na mtoto mgonjwa kama bahati. Mafundi wa timu zote walipanga foleni njiani kumpa mkono. Miaka mitatu baadaye, tarehe 18 Februari 2001, aligonga ukuta kona ya nne katika mzunguko wa mwisho, akafa.

Tangu hapo mambo yalibadilika: madereva walilazimishwa kuvaa kifaa kinachofunga kofia ngumu na mabega ili shingo isivunjike, na kuta za zege zikavalishwa tabaka la chuma na sponji linalobonyea. Hakuna dereva aliyekufa kwenye mbio za daraja la juu la NASCAR baada ya siku hiyo. Ajali utaziona, tena za kutisha, gari linaruka na kubiringika. Uwanja mzima unanyamaza hadi dereva ashushe wavu wa dirisha lake. Hiyo ndiyo ishara kwamba yuko sawa. Ukiona wavu umeshuka, piga makofi na wewe.

Mzee wangu ana magoti mabovu.

Mlete. Baada ya ujenzi mpya kuna ngazi za umeme na lifti nyingi, na viti vya walemavu vinauzwa kama tiketi za kawaida; chagua mapema. Kinachomchosha mzee ni umbali kutoka maegesho hadi getini, si ngazi. Lipia maegesho ya karibu.

Kutoka uwanjani?

Subiri. Watu laki moja wanataka kupita barabara moja kwa pamoja. Kaa kitini, maliza chai, tazama mshindi akimwagiwa vinywaji. Na kabla ya yote, asubuhi ile ukiegesha, piga picha ya nguzo iliyo karibu na gari lako. Mwaka mmoja tulizunguka saa nzima gizani tukibonyeza funguo ili gari liitike, na mke wangu hajanisamehe.

Nikibaki na nusu siku mjini nifanye nini?

Nenda ufukweni, na uende na gari. Kabla ya uwanja huu kujengwa, mbio za Daytona zilifanyika mchangani: magari yalishuka kando ya bahari, yakakata kona, yakarudi kwa barabara ya lami iliyo sambamba. Mchanga wa hapa ni mgumu kama sakafu, ndiyo maana Mwingereza Malcolm Campbell alikimbia juu yake maili 276 kwa saa mwaka 1935. Bill France, fundi wa magari aliyehamia hapa, ndiye aliyekuwa akiandaa zile mbio, na Desemba 1947 aliwakusanya wenzake katika Streamline Hotel, ambayo bado ipo barabara ya ufukweni, wakapanga kile kilichokuja kuwa NASCAR. Adui yao mkubwa alikuwa maji. Ratiba ya mbio ilifuata bamvua na maji mafu, kama ya mvuvi. Maji yakianza kujaa, njia inaliwa na mbio zinakatizwa. Za mwisho mchangani zilikuwa 1958.

Leo unalipa kiingilio kwenye njia ya kushukia na kuendesha pale pale, mwendo usiozidi maili 10 kwa saa, kilomita 16. Fungua madirisha. Egesha kwenye safu ya juu karibu na vigingi, si karibu na maji hata kama mandhari ni nzuri, na uulize getini maji yanajaa saa ngapi. Kila mara nikienda nakuta mgeni mmoja wa gari la kukodi, matairi ya nyuma yamezama, anasukuma huku wimbi linamfikia magotini.